Mama Tumbako na Kigae cha Moto

Mama Tumbako hakuanza salamu kwa mdomo. Ukimpa mkono, aliushika, akaugeuza kiganja juu, kisha akauinua hadi puani na kuunusa bila haya, mbele ya soko zima la Bwera. Watu wazima aliwaachia. Ila kama ulikuwa hujaota ndevu, au ulikuwa binti kama mimi, ulinuswa. Alianza na kidole cha shahada na cha kati, maana hapo ndipo sigara hukaa, akamalizia kiganja, maana hapo ndipo hufichwa mtu mzima anapokaribia. Akiridhika, alikurudishia mkono wako na kukuuliza habari za nyumbani. Asiporidhika, hakuuachia.

Vijana walitafuta mbinu. Wapo waliojisugua kwa majani ya mpera, wapo waliotumia chumvi ya Katwe hadi ngozi ikawawasha, lakini wengi walitegemea ndimu, na ndimu ndiyo iliyowaponza. Siku moja alimshika kijana mrefu, mpiga ngoma wa kanisani kwao, akamnusa, akatabasamu, halafu akamgeukia mama aliyekuwa akiuza samaki wa Kahendero meza ya pili.

"Mama, leo samaki ilifika?"

"Bado. Gari imekufa njiani."

"Bon. Samaki haiko. Na huyu mutoto ananuka ndimu sawa mutu alikula samaki kumi. Ulikula nini na ndimu, weye? Ambia batu basikie."

Soko lilicheka mpaka kijana mwenyewe akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiwa nimeficha mikono yangu nyuma.

Mtu asiyemjua angedhani ni mlokole fulani au mke wa mwalimu. La hasha. Mama Tumbako alikuwa muuza tumbaku. Ndiyo kazi iliyompa jina, na kwa matamshi yake mwenyewe. Aliketi kila siku ya soko juu ya gunia lililokunjwa, mbele yake kamba nene nyeusi za majani yaliyosokotwa, zimezungushwa kama ngata. Alizipima kwa shibiri ya mkono wake, na mkono wake ulikuwa mdogo, jambo ambalo wazee walilalamikia miaka yote. Mdomoni alikuwa na kiko cha udongo chenye mpini wa mti. Hicho kiko hakikutoka mdomoni ila kwa mambo mawili, kula na misa. Jumapili alikiacha chini ya nguzo ya ua wa kanisa, na sisi watoto wa Kiislamu tukipita tulikiona kikimngoja pale, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Alikuwa amevuka mpaka akitokea pande za Beni na Butembo, miaka ile ambayo watu walikuwa wakifika na mafurushi kichwani. Zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia ya kwao. Aliapa kwa Bikira Maria kwamba tumbaku yake yote ilitoka ng'ambo, milima ya Butembo, na sote tulijua nusu yake imelimwa nyuma ya nyumba yake hapo hapo Bwera. Nilimwona kwa macho yangu akiimwagilia maji. Nilipomtazama, aliniambia nisifike na macho yangu mahali ambapo hakuniita.

Muuza vitambaa aliyekaa jirani yake, Mwislamu mwenzetu aliyependa haki, alimkabili mara nyingi. "Mama, kama hii kitu ni sumu, acha kuuza. Kama si sumu, acha vijana."

"Nikiacha, nikule nini? Vitambaa yako?"

"Basi wewe ni mnafiki."

"Njo vile," alimjibu, yaani ndivyo hivyo, akapuliza moshi pembeni. "Tumbako yangu ni ya batu benye balikwisha kuharibika, sawa miye. Mutoto bado. Miye siharibu kitu ingali muzima."

Hata leo sijui kama ningeweza kumtetea mbele ya yule muuza vitambaa. Nilimpenda tu, na mtu unayempenda humhesabii maneno yake.

Alikuwa na sheria moja sokoni. Kijana akija kununua, hata akiapa kwamba ametumwa, aliambiwa, "Kamulete mama yako. Aje hapa, asimame, aseme na kinywa yake, muuzie mutoto wangu tumbako. Akisema, nitauza." Miaka yote niliyomjua, hakuna mama aliyewahi kuja. Vijana walikwenda kununua kwingine, bila shaka, Bwera haikukosa wauzaji. Lakini ilikuwa tofauti kununua mahali pengine baada ya kuulizwa swali lile. Ndugu yangu mkubwa aliniambia aliitupa sigara yake ya kwanza njiani, kwa sababu kila alipoiinua alimwona mama yetu amesimama pale sokoni akisema maneno yale.

Miaka ya utawala wa askari ilipofika, nao hakuwasamehe. Alikuja mmoja sokoni, bunduki begani, kijana kabisa, shingo imepotea ndani ya kola ya magwanda.

"Wewe mama! Leta tumbako! Haraka!"

Mama Tumbako alimtazama kutoka viatu hadi kofia. Sisi tulianza kusogea nyuma kidogo kidogo.

"Afande, uko na miaka ngapi?"

"Nini?"

"Mama yako iko wapi?"

Yule askari aligeuza uso kuelekea barabarani. "Mama iko mbali," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine.

"Basi ngoja umufikie. Ukimufikia, muulize."

Ningependa kusema aliondoka. Hakuondoka. Alifikiri kidogo, akakumbuka bunduki yake, akachukua kamba mbili nzima na kwenda zake. Mama Tumbako aliinuka na kumfuata mpaka barabarani akipiga kelele, "Nitamuambia! Mama yako nitamuambia!" na wanawake watatu ndio waliomshika wakamrudisha kwa nguvu. Alilia siku ile. Tulidhani analilia mali yake. "Muliona shingo yake?" alituambia. "Ile ni shingo ya mutoto."

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa nikificha mikono.

Nyumbani kwetu alikaa bibi, mzaa baba, aliyetoka Toro kumfuata mwanawe aliyefanya kazi ya uchukuzi wa magari kati ya Kasese na mpakani. Bibi alivuta kiko, na kazi ya kukiwasha ilikuwa yangu. Kila nyumba yenye mzee ilikuwa na mtoto wake wa kazi hiyo, na mara nyingi alikuwa msichana. Bibi hukaa barazani, jiko liko uani. Unapokea kiko kilichokwisha kujazwa, unakwenda nacho mekoni, unaweka kijikaa juu ya tumbaku. Huwezi kukirudisha hivyo, kitazima. Unavuta mara mbili hapo mekoni ili kishike, mara moja mlangoni ili kisife, kisha unapiga goti na kumpa mzee kwa mikono miwili, naye anakuombea dua. Hakuna mtu aliyeyaita hayo kuvuta tumbaku. Kuvuta ilikuwa sigara, na sigara ilikuwa ya wavulana nyuma ya gereji. Mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu.

Nilianza nikiwa na miaka saba. Nilipofika kumi na miwili, mavuto mawili ya mekoni yalikuwa manne, na la mlangoni nililimeza nikiwa nimefumba macho. Mwezi wa Ramadhani bibi aliweka kiko kando mchana kutwa, nami kichwa kiliniuma hadi nikawafokea wadogo zangu. Mama alisema ni saumu. Jioni, wengine wakikimbilia uji na tende, mimi nilikimbilia kiko cha bibi, na kila mtu alinisifu kwa kumjali mzee.

Siku moja bibi alinituma tumbaku. Mama Tumbako alikuwa na sheria yake, sikutarajia aniuzie. Lakini alipoushika mkono wangu na kuunusa, hakucheka wala hakumwita mama wa samaki. Kisha alikata shibiri mbili, akazifunga kwenye jani la mgomba, akamwomba muuza vitambaa amwangalizie mali, akasema, "Twende kwenu." Siku ya soko, saa nne asubuhi, wateja wamesimama. Nilitembea mbele yake.

Bibi alimkaribisha vizuri, akajaza kiko kwa tumbaku mpya, akaninyoshea. Nilikwenda jikoni. Nilivuta haraka haraka, mara mbili tu, kwa kuwa tulikuwa na mgeni, kisha moja la mlangoni. Sikujua kwamba kutoka pale alipokaa, mlango wa uani ulionekana wote.

"Mama," alimwambia bibi, "huyu mutoto anavuta."

"Anavuta nini? Ananiwashia."

"Miye pia nilikuwa nawasha tu. Kiko ya mukaka, bibi yangu. Vile vile, mara mbili kwa moto, mara moja kwa mulango."

Bibi alikasirika. Alisema hakuomba mafunzo, aliomba tumbaku, na kwamba mtu anayeuza moshi hana mdomo wa kumwambia mwenzake habari za moshi. Mama Tumbako alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisema jambo ambalo sikumsikia akilisema tena.

"Mutoto yangu wa kike alikuwa ananiwashia. Miaka sita alikuwa nayo. Nilikuwa nasema, ah, huyu mutoto iko na heshima. Akavuta kunipita miye. Akakohoa, akakohoa. Nilimuzika huko, bado sijavuka mupaka." Aliinuka, akajifunga vizuri kitenge chake. "Usiniamini. Kesho usimuombe. Kaa tu na kiko yako, nyamaza, angalia kama atakuja mwenyewe."

Kabla ya kutoka, alitoa kikapuni mwake kigae cha chungu kilichovunjika na kukiacha barazani. "Hii matabishi," alisema, maana hilo ndilo neno lao la nyongeza anayopewa mteja. "Mutoto alete moto. Kiko ibakie kwa mukono yako." Bibi alisubiri afike barabarani, kisha akakirusha kigae uani, na kuku wakawa wanakinywea maji.

Kesho yake sikujua kama ninachunguzwa. Nilichojua ni kwamba bibi amesahau. Asubuhi nilifagia karibu naye. "Bibi, hujavuta leo?" Akasema baadaye. Nikaenda, nikarudi. "Bibi, nikuwashie?" Akasema bado. Kabla ya adhuhuri nilikuja mara ya tatu, na safari hii sikuuliza, nilinyosha mikono yote miwili tu na kupiga goti. Niliinua macho nikamwona bibi yangu analia. Alilia bila sauti, kiko kikiwa mapajani. Kisha alikwenda uani mwenyewe, akawafukuza kuku, akakiosha kigae.

Tangu siku hiyo nilimletea moto tu. Kaa moja juu ya kigae, naliweka miguuni pake, yeye anajichukulia kwa koleo. Ilikuwa kazi ya kumchosha mzee, kuinama na kuinuka, na alinung'unika, lakini hakunipa tena kiko. Nami niliteseka. Sitaki kusema uongo, niliteseka wiki nyingi, niliota ladha ile, niliiba vipande vya tumbaku nikatafuna nikatapika.

Mama Tumbako alijua, kwa hiyo kila siku ya soko aliniita nikae kando yake. Hakunihubiria. Kikohozi kilipomshika, na kilimshika mara nyingi, alinivuta mkono na kuubandika mgongoni mwake, chini ya kitenge. "Weka hapa. Usitoshe mukono." Nilihisi kitu kikikwaruza ndani, kikipanda, kikikwama, kikianza upya. Alikuwa mwembamba, mbavu zilikuwa zinafunguka na kufunga chini ya kiganja changu. Kikiisha, alipumua, akawasha kiko chake mbele yangu kwa kaa la kwenye kigae, akasema, "Umesikia? Miye nitakufa nayo. Weye hapana." Halafu ananipa njugu nitafune, na tunaendelea kuuza.

Vigae viliendelea. Aliokota vipande kwa wauza vyungu na kuwapa wanawake wazee walionunua kwake, kila mmoja na kigae chake na maneno yale yale, mutoto alete moto, kiko ibakie. Wengine walivitupa kama bibi. Wengine walivitumia. Nilipokuwa msichana mkubwa, ungepita baraza nyingi za Bwera ukaona kigae kimelala miguuni pa bikizee, na mtoto anacheza mbali.

Niliolewa Kasese, na mtu wa malori. Tulikaa karibu na stesheni ya reli, na miaka ile ya shida barabara haikuwa ya kutembelea watu. Bibi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilirudi Bwera kwa nafasi mwishoni mwa miaka ya sabini, nimemshika mkono binti yangu wa miaka sita, na nilipouliza habari za Mama Tumbako, muuza vitambaa alinionyesha nyumba tu.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye jua. Alikuwa amekwisha, mifupa na kitenge. Kiko kilikuwa mdomoni, kimejazwa, baridi. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba alipoupokea wangu, ilibidi nimsaidie kuufikisha puani. Alinusa muda mrefu.

"Kitunguu," alisema. "Sabuni. Mutoto." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nami bila kufikiri nikauweka mkono wangu mgongoni mwake mahali pale pale.

Aliniambia jirani humwekea moto asubuhi lakini ana kazi zake, na yeye hawezi tena kushika koleo. Kaa linaanguka. Kitenge chake kilikuwa na matundu ya kuungua. Tangu jana hakuwa amevuta, na nilimwona jinsi alivyotaka, alikuwa anafyonza mpini mtupu kwa nguvu zote.

Binti yangu alikuwa amelelewa vizuri. Aliona mzee anahangaika, akaona moshi wa jikoni, akapiga goti na kunyosha mikono miwili. "Bibi, lete nikuwashie."

Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Mama Tumbako alikitoa kiko mdomoni na kukibana kifuani kama mtu anayetaka kunyang'anywa. "Hapana! Hapana, mama yangu. Leta moto. Ile kigae, iko kule. Leta moto tu."

Mtoto alileta kaa juu ya kigae, taratibu, ulimi nje. Lilikuwa kaa zuri jekundu. Mama Tumbako alijaribu koleo mara mbili, na mara mbili kaa liliangukia vumbini, nikalirudisha kwenye kigae.

"Mama," nilisema, "nipe mimi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto. Nitakuwashia mara hii moja."

Alikuwa tayari kunipa. Mkono ulianza kuja. Ndipo harufu ya ile tumbaku ilinifikia, ya majani ya nyuma ya nyumba yake, nami mate yakanijaa kinywani. Miaka mingi ilikuwa imepita. Nilimeza mate. Nilidhani nimeyameza kimya.

Mkono wake ulisimama. Alinitazama midomo, sio macho. Kisha alikirudisha kiko kinywani mwake, baridi kilivyokuwa, akakiuma.

"Kaa chini," alisema. "Eleza habari ya Kasese."

Nilikaa. Nilimweleza habari za Kasese, za treni, za bei ya sukari, za mume wangu na malori yake, na machozi yalinitoka wakati nikieleza habari za kawaida kabisa. Yeye alifyonza kiko kisicho na moto na kuitikia, "Njo vile, njo vile." Binti yangu alichuchumaa kando ya kigae akitaka kulipuliza kaa lisife, Mama Tumbako akamgusa bega na kutikisa kichwa. Tulizungumza mpaka likawa jivu.